Maziwa Damu

"Kwa nini hakuuliza tu?"

Madam alinitupia swali hilo mbele ya darasa zima, nikiwa nimejifunga leso kiunoni na kukumbatia chupa ya maji kama kibuyu. Juzi nililikumbuka nikiwa nje ya darasa lile lile, katika shule yetu pale Kapsoit. Siku hizi ni stoo. Nilichungulia dirishani nikaona madawati yamesukumwa ukutani, vile vile tulivyokuwa tukiyasukuma sisi kila Ijumaa baada ya githeri ya mchana.

Ijumaa ilikuwa siku ya kuwa mtu mwingine. Madam, mwalimu wetu wa darasa la tano, aliita wawili mbele na kuwapa watu wa kuwa: mgonjwa na daktari, au mwenye duka na mteja anayerudisha viatu vilivyopasuka. Hakuna maneno ya kukariri. Sheria ilikuwa moja: kabla ya kujibu, rudia kwanza ulichosikia. "Umesema viatu vimepasuka?" "Nimesema vimepasuka." Ukisahau, unaketi. Mimi niliona ni upuzi. Niliinua mkono nikauliza kama mchezo huo ungekuja kwenye mtihani.

"Mtihani wa nani?" madam akauliza.

Sikulipenda jibu hilo. Hata leo silipendi sana.

Nilikuwa nikiishi na nyanya yangu, kogo kama tunavyomwita kwetu. Kabla ya shule tulichuma chai, umande ukinilowesha sketi hadi magotini, na harufu ya majani yanayokaushwa ikitujia kutoka kiwandani. Jumamosi kazi yangu ilikuwa kuosha vibuyu. Kogo mwenyewe alisugua ndani kwa kijinga cha moto, akatia maziwa, akayaacha siku kadhaa mpaka yawe mursik, mazito, yenye rangi ya wingu na ladha ya moshi. Sijawahi kunywa kitu kinachoyakaribia.

Mwaka huo mama mmoja wa kutoka upande wa ziwa alipata kazi kiwandani, akapanga nyumba ng'ambo ya ua wetu. Binti yake alikuwa rika langu, tukawa marafiki siku hiyo hiyo. Kogo akachagua kibuyu chake kizuri kuliko vyote, akaenda kumkaribisha mgeni.

Sasa, Kiswahili cha kogo kilikuwa cha kuendea sokoni. T na D kwake zilikuwa mapacha. Dawa aliita tawa, nami nilimcheka kila siku. Kwa hiyo mbele ya mgeni alijikaza, akatia D kila mahali kwa heshima.

"Karibu, mama. Maziwa hii ni damu. Damu sana!"

Jirani akatazama kibuyu, akatazama weusi wa mkaa kwenye mdomo wa kibuyu. "Asante mama, nasukuru sana," akasema kwa lafudhi ya kwao ziwani. "Lakini siwesi." Akakirudisha kimejaa.

Kwa kogo, afadhali ungekivunja. "Hata kuonja?" alinung'unika jioni nzima. Akanikataza kukanyaga kwa jirani. Jirani naye, kwa aibu ya kupita kila siku mbele ya mlango wa mzee aliyemnunia, akaanza kutafuta nyumba karibu na kiwanda, wahame mwisho wa mwezi. Rafiki yangu angebadilisha shule. Tulikuwa tukienda shuleni kila mmoja na upande wake wa barabara, kama hatujuani.

Ijumaa iliyofuata madam akatuita sisi wawili. "Leo ni majirani. Mmoja ameleta zawadi, mwingine ameikataa."

Nani alimwambia, sijui. Nikapinda mgongo, nikawa kogo.

"Maziwa hii ni damu!"

"Umesema ni damu?" rafiki yangu akarudia, kwa sauti ya mama yake.

"Nimesema ni damu. Damu sana!"

"Damu ya nani?"

"Umesema damu ya nani? Damu ya... ya sukari!"

Darasa likalipuka. "Ng'ombe ya kogo yako inatoka damu ya sukari? Ipelekwe hospitali!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

Rafiki yangu alikuwa ameshika mdomo. "Wee! Kumbe ni tamu?"

Hapo ndipo madam alipouliza: basi huyo mama, kwa nini hakuuliza tu? Kengele ikaniokoa.

Tulikimbia hadi nyumbani, upande mmoja wa barabara. Tukawaita kogo na jirani penye ua, tukaigiza tena, safari hii tukibadilishana: yeye kogo, mimi mama yake. Kogo alijipiga mapaja. "Mimi niseme damu? Mimi?" Jirani kwanza alitutazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akacheka mpaka akajifuta machozi. "Haki, mama, nilisikia damu!" Akapokea kibuyu kwa mikono miwili.

Hawakuhama. Kila Jumamosi kibuyu kilivuka ua kimejaa, kikarudi kitupu, na kogo, kwa utundu, hakuyaita tena maziwa yale jina lingine ila damu.

Chuo kikuu nilikisimulia kisa hiki mara nyingi, kuthibitisha kwamba herufi moja inaweza kuhamisha familia. Sasa kogo hayupo, ua umeng'olewa, na mursik nainunua Kericho mjini ikiwa kwenye chupa ya plastiki. Kutoka pale shuleni nilimpitia rafiki yangu dukani kwake, nikamsimulia tena. Akacheka, lakini si mahali ninapocheka mimi.

"Mama alisikia tamu," akasema. "Aliniambia usiku ule, tulipotoka kuigiza. Maziwa humsokota tumbo, hata ya kwenye chai. Sasa angemwambiaje mzee wa watu kwamba zawadi yake itamgonjwesha? Tulipokuja na damu yetu, akaona mlango wa kutokea, akapita."

"Na vile vibuyu vyote vilivyorudi vitupu?"

Akajipigapiga tumbo. "Mimi."