Siafu Hawajui Ukwe

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyorudishwa Soga kwa mume wangu, mtoto wa miezi minne mgongoni. Watu husema nimezeeka, nasahau mambo. Kweli nasahau mengi, hata nilipoweka ufunguo sasa hivi sijui, lakini hiyo naiomba itoke kichwani na haitaki.

Zilikuwa zama za Mwingereza. Mume wangu alikuwa kibarua wa reli pale Soga, na kwetu mimi ni Kisarawe, juu milimani. Desturi yetu mtoto wa kwanza unamzalia kwa mama yako, basi nikazaa, nikakaa arobaini, nikazidisha na miezi, mpaka mume akaanza kulalamika. Wifi yangu ndiye aliyekuwa aje kunichukua, akashikwa na homa. Akaja baba mkwe mwenyewe, Mzee Kondo.

Ninyi wa sasa mnakula na wakwe sahani moja, hamjui uzito wa jambo hilo. Sisi mkwe humtazami usoni. Huli mbele yake. Ukitaka kumwambia neno, unampa mtu mwingine alifikishe, naye akijibu anajibu kwa njia hiyo hiyo. Na mimi nilikuwa nasafiri naye mchana kutwa, vilimani na maporini, hakuna mtu wa tatu. Mama yangu akaninong'oneza mlangoni, "Tatu, usimsumbue mkweo. Mwanamke mwenye adabu hasikiki njiani." Nikayabeba maneno hayo kama nilivyombeba mtoto.

Tulitoka alfajiri. Yeye mbele, mimi nyuma kama hatua thelathini, tunasemeshana kwa kumtumia mtoto. "Shomari, mjukuu wangu, mwambie mama yako hapa pana utelezi." Na mimi, "Shomari, mwambie babu yako tumesikia." Mtoto hajui hata kukaa, ndiye karani wetu. Cheka, mwanangu, hata mimi nilikuwa nacheka kimoyomoyo.

Kilikuwa kiangazi, jua kali tangu asubuhi, na tulipoingia vichakani mbung'o wakatupokea. Mbung'o hana simile, anauma juu ya nguo kama nguo haipo. Mzee akavunja tawi la majani, akaliweka njiani, akasema bila kugeuka, "Shomari, hilo mama yako akupepelee." Mbele kidogo akaniachia majani ya mvumbasi juu ya jiwe, nijipake miguuni na nimpake mtoto, maana wadudu hawapendi harufu yake. Nilimwona mzee ana huruma. Kuona na kuthubutu kusema ni mambo mawili.

Mchana tukateremka bondeni kwenye kijito. Mzee akavuka ng'ambo, akakaa kutupa mgongo ili nipate kunyonyesha. Nikanyonyesha. Kisha nikatandika kanga chini ya mti penye ubaridi, nikamlaza mtoto, nikaenda kusuuza nguo zake za winda. Sasa, mtu aliyekulia milimani anajua kwamba kiangazi siafu wanahamia mabondeni, kwenye majani yaliyooza, wanafuata unyevu. Hulazi mtoto kabla ya kupekua chini kwa mguu. Nilijua, wallahi nilijua. Lakini nilikuwa na haraka nisimkalishe mkwe akinisubiri. Nikasuuza, nikamnyanyua mtoto na kanga yake hiyo hiyo, nikamfunga mbeleko, tukaondoka.

Hatujafika mbali nikaumwa pajani. Nikafinya juu ya nguo. Nikaumwa kiunoni, nikafinya. Mara wakaanza wote kwa pamoja, mgongoni, kwapani, hadi pasipotajika. Siafu akiuma haachii, ukimvuta mwili unakatika kichwa kinabaki. Na dawa yake kila mtu anaijua: unavua nguo hapo hapo, unajipukusa. Nivue, na baba mkwe yuko mbele yangu? Hata kusema "siafu" niliona ni sawa na kumwambia mzee kwamba niko uchi. Nikauma meno nikaenda.

Shomari akaanza kulia. Nikampigapiga mgongoni. Akazidi.

Mzee akasimama, hakugeuka. "Shomari, baba, una nini? Mwambie mama yako, kama umechoka tupumzike."

Hapa ndipo ninapoona aibu, mwanangu, si pale nilipokuja kuvua nguo. Nilisema, "Shomari, mwambie babu yako huna neno, ni joto tu."

Nilimsemesha mtoto uongo, na yeye ndiye aliyekuwa akiliwa. Nilidhani wako kwangu tu! Niliwaza, tufike kwenye kichaka kile cha mbele, mzee apite, mimi nijifiche nivue. Kichaka kikawa mbali. Mtoto akalia mpaka sauti ikakwaruza, halafu akanyamaza. Nikashukuru. Mama mzima, nikashukuru kwamba kanyamaza.

Mzee ndiye aliyeshtuka. Aligeuka, na ilikuwa mara ya kwanza macho yake kukutana na yangu. Akaja mbio.

"Tatu," akaniita. Kwa jina. "Tatu, fungua mbeleko."

Nikasimama kama gogo. Akaifungua mwenyewe, akamchukua mtoto. Uso wa mwanangu ulikuwa mweusi kwa siafu. Kope, masikio, mdomo ulikuwa wazi na wengine wanaingia. Amevimba mpaka sikumjua. Mzee akatupa kanga, akakimbia naye kurudi kijitoni, mimi nyuma yake nikipiga kelele nisizozijua. Akamtia majini, akamtoa, akawa anawang'oa mmoja mmoja kwa kucha, puani, kooni, huku anasoma dua.

"Vua zote," akaniambia. "Sikutazami. Vua uingie majini."

Nikavua, mwanangu. Mbele ya baba mkwe, mchana kweupe, nikavua mpaka shanga. Hakuinua kichwa hata mara moja. Alipomtoa siafu wa mwisho puani, mtoto akapiga chafya, akalia kilio chembamba. Mzee akakaa chini kwenye matope. Akavua kanzu yake, akainyoosha nyuma yake bila kugeuka ili nijisitiri, akabaki na fulana na shuka.

Nikangoja matusi. Niliyataka. Akasema tu, "Nilikuuliza."

Basi. Nikaanza kulia. Akasema tena, "Nilikuuliza mtoto ana nini, ukanijibu joto. Ukwe ni wetu sisi watu. Siafu hawajui ukwe."

Tuliingia Soga mimi nimevaa kanzu ya mkwe, yeye ana fulana, mtoto amevimba kama andazi. Watu wakatoka nje kutazama, na maneno yakaanza siku hiyo hiyo. Mzee akawajibu kwamba siafu walitushukia ghafla. Mume wangu naye akaambiwa hivyo. Mzee Kondo hakumwambia mtu kwamba niliulizwa nikaficha, akafa nayo, Mungu amrehemu. Shomari alipona, ila sikio moja siafu walikwisha kulila ndani. Kila ninapomwita kwa upande huo asigeuke, najua ni nani aliyemnyima kusikia.

Mwanangu, nakueleza kwa kuwa nawe unakwenda kukaa kwa watu, na utafundishwa adabu mpaka uchoke. Ishike, ni njema. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na mficha maradhi kilio kitamuumbua. Kinachokuuma kitaje kingali kimoja, pajani, kabla hakijafika kwa uliyembeba. Iwe homa, iwe ziwa limevimba, iwe mkono wa mume. Mtu akikuuliza una nini, usimjibu joto. Anayekuuliza amekwisha kuvuka nusu ya njia kuja kwako. Na kabla ya kumlaza mtoto, pekua chini kwa mguu, hata kama wakwe kumi wanakusubiri.

Mungu akupe wakwe wenye kuuliza, akupe na ulimi wa kuwajibu kweli, na watoto wako wakusikie kwa masikio yote mawili. Amina.