Cherehani Iliposimama

Alhamisi ilikuwa siku yake mbaya. Makala ilitakiwa kwa mhariri saa kumi jioni, na tangu asubuhi mama wa watu alihangaika kama kuku anayetaka kutaga: anakaa, anasimama, anafungua dirisha, analifunga. Gazetini walimwita Daktari wa Karatasi, maana kila wiki alichukua utafiti wa wanasaikolojia, kurasa arobaini zenye majedwali, akaugeuza kuwa maneno mia sita ambayo hata mpishi wa kantini angeyaelewa. Kutibu hajawahi kumtibu mtu. Ila barua alizoletewa zingemtosha mwenye zahanati.

Siri yake ilikuwa dada yake, fundi cherehani. Kabla ya kupeleka makala, alimsomea huku dada akishona. Cherehani ikiendelea kunguruma, maneno yameeleweka. Ikisimama, maneno yana kasoro, naye huyakata. Dada mwenyewe hakuwahi kuambiwa habari ya kipimo hicho. Miaka saba kilifanya kazi, na Daktari wetu alikijivunia kuliko wasomi wanavyojivunia majedwali yao.

Wiki tatu nyuma aliandika juu ya msiba. Utafiti ulisema wafiwa wasiopenda kuzungumza juu ya marehemu walipata nafuu sawa na waliozungumza, kwa hiyo asiyetaka kusema asilazimishwe. Cherehani ilikwenda mbio. Kisha ikaja aya iliyosema kwamba waliochunguzwa wote walikuwa wanafunzi wa chuo, tena kwa wiki sita tu, na kwamba mzee anayeishi peke yake huenda akawa na mahitaji mengine. Cherehani ikasimama. Akaikata aya nzima, na mhariri akamsifu kwa kuandika kwa ufupi.

Leo, kwa dada yake, alikuwa hata hajaanza kusoma, dada akasema bila kuinua macho kwenye pindo la sketi, "Ile makala yako ya msiba imenisaidia sana kwa baba. Siku hizi simtaji mama kabisa. Naweka chakula, nafagia, naondoka."

Baba yao alifiwa na mkewe miezi minane iliyopita. Akitajiwa jina la marehemu alikuwa anatazama pembeni, na katika nyumba nzima alibaki peke yake.

"Dada, nani kakwambia unyamaze?"

"Si wewe? Uliandika asiyesema aachwe."

"Kulikuwa na kipande kinachohusu wazee. Nilikusomea, ukasimamisha mashine, nikajua hujaelewa."

Hapo dada akainua macho. "Nisielewe nini, mdogo wangu? Nilisimama nisikie vizuri. Nilikuwa namfikiria baba. Halafu gazeti lilipotoka sikukiona, nikasema basi, mwenyewe kaona hakina ukweli."

Daktari wetu akaitazama mashine. Miaka saba alikuwa amekata maneno mangapi, kwa sababu tu mtu aliacha kazi yake ili amsikilize? Aibu ilimpanda, na hasira juu yake mwenyewe, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumtupia lawama. Aliacha karatasi juu ya vitambaa, akatoka karibu kukimbia, mitaa miwili mpaka kwa baba.

Mzee alikuwa amekaa karibu na mlango, redio imezimwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Alikaa, akasimama, akapanga vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Maneno mia sita kila wiki kwa watu asiowajua, na hapa hakupata hata moja. Mwishowe akapiga moyo konde.

"Baba, leo nimemkumbuka mama."

Mzee hakutazama pembeni. Alimtazama bintiye.

"Kumbe mnamkumbuka," alisema. "Mlipoacha kumtaja nilidhani mmeshamaliza. Nikasema, sasa nimebaki naye mimi tu."

Binti alilia, na mzee akalia. Kisha mzee akazungumza mpaka saa kumi ikapita, na saa kumi na moja, na simu ya mhariri ikachoka kuita.

Makala ilichelewa siku moja. Ilianza na ile aya aliyoikata, ikifuatiwa na kuomba radhi, na kabla ya kuipeleka alimsomea dada kama kawaida. Cherehani ilisimama tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Hakukata hata moja.