Pedali ya Kabla ya Uhuru

Chekeni tu, nimestahili. Miaka ile ya vita, Bujumbura tulipiga muziki wa harusi mchana ili wageni wawahi kafyu, nami nilililia kiti cha dramu katika bendi ya kaka Hamisi. Wapiga dramu wote tulizitamani pedali za zamani za ngoma ya mguu, nzito, laini kama pumzi. Nikanunua moja kwenye duka la vipuri Buyenzi, nikaenda nayo harusini kujaribiwa.

“Ya Ubelgiji hii, kabla ya uhuru,” nikawahubiria. “Za leo ni bati.”

Hamisi akaikanyaga, akafumba macho. “Kiti ni chako.”

Baba wa bibi harusi, fundi wa gereji, akainama kuitazama.

“Mutoto wangu, hii mi nimeichomelea juzi. Ni klachi ya taksi, kutu nimeitia kwa maji ya chumvi.”

Hamisi akafumbua macho.

“Ya breki iko bado,” mzee akaniambia kwa upole. “Nikuwekee?”