Ndoo ya Mandazi kwa Wamaasai

Mimi ndiye niliyebeba ndoo ya mandazi, na mimi ndiye niliyeharibu. Nasema mapema ili mtu asimlaumu mchungaji.

Tulitoka Voi na gari la kanisa, akina mama wachache, kuhubiri kwa Wamaasai waliohamia na ng'ombe wao upande wa Ndara. Tuliimba, mchungaji akahubiri, mzee wao akatafsiri. Walitusikiliza vizuri. Kisha mchungaji akaniambia, "Mama, wape watoto mandazi."

Sasa, mimi sigawi chakula kabla ya kujua midomo ni mingapi. Nikawapanga watoto mstari, nikawanyooshea kidole: mmoja, wawili, watatu. Nilipofika kumi na mmoja nikasikia watu wakiguna. Mama mmoja kijana alimvuta msichana wake mdogo, akamfunika kwa shuka.

Mzee akaniambia, "Koko," ndivyo wanavyomwita nyanya, "hata mbuzi wetu hatuwahesabu kwa kidole. Sasa watoto?"

"Ni hesabu ya mandazi tu, mzee."

"Ukimhesabu mtoto, unamwonyesha kifo."

Nikaomba msamaha, lakini wa mdomoni. Moyoni nilisema haya ndiyo mambo ya giza tuliyokuja kuyaondoa.

Kabla hatujamaliza chai, yule msichana akapatwa na degedege. Alikuwa na joto tangu asubuhi, lakini nani angesikia hilo sasa? Mwenzetu mmoja, muuguzi mstaafu, akamgusa. "Hospitali, sasa hivi!"

Mamake akamkumbatia mtoto, akanitazama. Kumbe Kiswahili alikijua. "Kwa gari la huyu? Amemhesabu, sasa anataka kumbeba?"

"Gari si langu, ni la kanisa," nikasema.

"Mlikuja pamoja."

Mchungaji akaanza kuomba kwa sauti. Nikamkatiza. "Mchungaji, utaomba mkiwa barabarani." Mimi nilizika mtoto kwa degedege hiyo hiyo, kule kwetu mlimani, tukingoja gari. Najua dakika zinavyokwenda.

Nikavua viatu, nikaketi chini mlangoni pa nyumba ya yule mama. "Mwanangu, panda gari na mtoto. Mimi nabaki hapa. Asipopona, mtajua la kunifanya."

"Mama, una wazimu?" muuguzi akaniuliza.

"Pandeni!"

Yule mama akamtazama mzee. Mzee akasema neno moja. Mama akapanda gari, na wenzangu wote wakaenda naye.

Nilibaki na jua na nzi. Hakuna aliyegusa ndoo. Ajuza mmoja asiye na meno akasema kitu, wanawake wakacheka. Mzee akanitafsiria: "Anasema wewe ni mnono. Ukitoroka, simba wa huku watamshukuru Mungu wenu."

Sikucheka. Mambo ya giza sikuyakumbuka tena. Nilimwomba Mungu mtoto yule tu.

Jua lilipoelekea milima ya Sagalla, simu ya mzee ikalia. Akapanda juu ya kichuguu apate mtandao. Aliongea Kimaasai kwa muda mrefu, akinipa mgongo. Nilimtazama mabega tu, kama yatashuka. Wanawake wote walisimama.

Akashuka polepole, akaja mpaka pale nilipokaa.

"Wamemlaza hospitali. Amefungua macho, ameomba maziwa. Mamake anasema uinuke, ardhi ni baridi."

Nililia, na mimi si mtu wa kulia. Ajuza yule ndiye aliyenivuta mkono nikasimama. Kisha mzee akaielekeza fimbo yake kwenye ndoo.

"Na watoto, koko?"

Nikafunua ndoo, nikaiweka katikati yao, nikageuka nikatazama ng'ombe mpaka niliposikia wamemaliza.

Jumapili katibu wa kanisa akafungua daftari la ripoti. "Mama, mlifikia watoto wangapi?"

"Andika ndoo ilirudi tupu."

"Mama, hapa wanataka namba."

"Basi acha wazi," nikamwambia, nikaenda zangu kuketi.