Uso Niliouchuna kwa Ganda la Korosho

Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilikuwa na uso. Nasema hivi bila haya, kwa kuwa uso wenyewe sikukaa nao. Ulikuwa laini, mweusi wa kung'aa, na mama aliusifu mbele za watu mpaka na mimi nikauamini. Wakati huo ndipo mwanamke mmoja kutoka ng'ambo ya maji, Mji wa Kale, alipokuja kwetu Kisauni kumtazamia mwanawe mke. Nilipeleka kahawa kichwa nimekiinamisha, kama nilivyofunzwa, nikaona hina ya miguuni mwake na pindo la buibui, basi. Yeye aliuona uso wangu wote. Posa ikakubaliwa, ikasemwa ningoje miaka miwili mitatu nikomae.

Nikakomaa. Chunusi zilianza kwenye kipaji cha uso, zikashuka mashavuni, zikafika kidevuni zikakaa kitako. Zilizopona ziliacha mashimo na madoa. Zisizopona ziliita nyingine. Watu husema chunusi za msichana ni hamu ya mume, na kwa hesabu hiyo mimi nilikuwa nataka waume kumi na wawili na wa akiba. Nilipaka ndimu, ikaniwasha. Nilipaka manjano, nikakaa siku tatu kama wali wa pilau ulioharibika. Nikaoga kwa ile sabuni nyekundu ya hospitali mpaka baba akauliza ni nani mgonjwa nyumbani.

Mtu mwingine angesema chunusi ni chunusi, zitakwisha. Lakini yule mama alikuwa ameposa uso ambao sikuwa nao tena, na siku ya kuuonyesha ilikuwa inakuja. Harusi zetu zina siku ya kutolewa nje. Bibi harusi huketishwa mahali pa juu, amepambwa, amefumba macho, na wanawake wa pande zote mbili hujaa kumtazama kwa raha zao. Hafumbui macho wala hasemi neno mpaka kwishe. Kila nilipojiangalia katika kioo cha baba cha kunyolea ndevu nilimsikia mamake mume akisimama mbele ya umati ule na kusema, "Huyu siye niliyemposa." Nilikuwa na hofu hiyo kweli kweli. Hata chakula kilinishinda, na mimi si mtu wa kushindwa na chakula.

Dawa niliipata uani kwetu, kwa shangazi yangu. Shangazi, dada yake baba, alikuwa akikaanga korosho na kuziuza. Alizitia korosho na maganda yake katika debe lililotobolewa, akaliweka juu ya moto wa makumbi ya nazi, naye akikoroga kwa mti mrefu huku amegeuza uso pembeni, kwa kuwa ganda la korosho likipata moto hutoa mafuta meusi yanayoruka na kuchoma. Kisha tulikaa kuzibangua kwa jiwe. Kabla ya kubangua ni lazima upake mikono jivu. Mimi nilikuwa mvivu wa jivu. Basi vidole vyangu vilikuwa vyeusi siku zote, na kila baada ya siku tano sita ngozi ilibambuka kama ya kitunguu, chini yake ikatoka ngozi mpya, laini, ya mtoto.

Siku moja nilitazama kidole gumba cha kushoto. Kilikuwa na kovu la tangu utotoni, nilipojikata na mbuzi ya kukunia nazi. Kovu halikuwapo. Lilikuwa limeondoka na ngozi yake.

Nikajiambia: kidole ni ngozi, na uso ni ngozi. Nilishangaa jambo dogo hivi limewashinda vipi wakubwa wote. Katika chuo cha Kurani mwalimu alikuwa akinisifu kwa akili, na naona sasa alinidhuru.

Katika wateja wa shangazi alikuwapo mwanamke mmoja mnene, mcheshi, aliyekuja kutoka ng'ambo kila mwezi mara moja. Akiingia uani alivua buibui, akakaa juu ya kibao, akala nusu ya korosho alizokuja kununua. Kwa jamaa nilijificha na uso wangu, lakini huyu hakuwa jamaa, alikuwa mteja tu, na kwake sikuona haya. Nilimwonyesha chunusi zangu moja moja. Hii, nikamwambia, imekuja Ramadhani na haijafuturu mpaka leo. Alicheka mpaka akapaliwa na korosho.

"Na mumeo akiziona?" aliniuliza siku moja.

"Nimesikia hana mato mazuri," nikamjibu. "Naomba Mungu iwe kweli."

"Na mamake?"

"Huyo ndiye nimchaye. Alikuya hapa akaniangalia kama anunuaye papai. Yuko papo hapo, wallahi, angoja nioze."

Akacheka tena, akajifuta machozi kwa leso. Shangazi hakucheka. Aliinamia debe lake akakohoa, nikadhani ni moshi.

Harusi ikawekwa siku. Siku saba kabla ya nikaha, somo wangu, yaani yule mwanamke aliyenifunda unyumba, angekuja kunisinga mwili kwa liwa, ule unga wa msandali, na mimi ningekaa chumbani nisionekane na mtu. Nilihesabu kwa vidole vyangu hivyo hivyo. Ngozi ya kidole hubambuka kwa siku sita. Nikijipaka siku kumi na nne kabla ya nikaha, somo akija atakuta kazi imeshaisha, na uso mpya unamngoja.

Nilingoja asubuhi mama alipokwenda kupanga foleni ya sukari, kwani ilikuwa wakati wa vita na sukari ilikuwa ya kugawiwa. Nilipasua maganda mabichi, nikayapasha moto juu ya kigae, nikakinga mafuta katika kifuu cha nazi. Nikachukua unyoya wa kuku. Mwanzo nilifanya kwa adabu, nikatia tone dogo juu ya kila kovu. Nilipomaliza nikaona mafuta yamebaki. Sasa, wakati ule hakuna mtu aliyemwaga mafuta, ya aina yoyote. Tulikuwa tumefunzwa kuwa kumwaga ni dhambi. Nikapaka mashavu yote mawili, nikapaka kipaji, na kilichobaki nikakimalizia kidevuni. Nikakaa kungoja. Sikusikia kitu, nikakwangua kifuu nikapaka tena.

Kabla ya adhuhuri uso ulikuwa unawaka. Nikauosha kwa maji, ukazidi. Nikaupepea kwa kipepeo cha jikoni, nikaona aibu, nikaacha. Mama aliporudi na sukari yake, macho yangu yalikuwa yamebaki kama mipasuko miwili juu ya andazi.

"Yarabi! Ni n'ni hii? Nyuki?"

"Ni nyuki, mama," nikasema. Nilikuwa sijaandaa uwongo, akanipa yeye mwenyewe.

Mama aliuzunguka ua wote na kijinga cha moto kutafuta mzinga. Alikuwa bado anachungulia juu ya mnazi shangazi alipoingia, akanusa mara moja tu, akakiona kifuu.

"Umejipaka korosho?"

Nikakisogeza kifuu nyuma yangu kwa mguu.

"Usoni? Wewe? Kwa ajili ya chunusi?" Akajishika kichwa, akakaa chini penye mchanga kama mtu aliyepewa habari ya msiba. "Si ungeniuliza. Wallahi, ungeniuliza mimi tu."

Nilidhani ana maana angenieleza kipimo.

Jirani yetu mmoja alikuwa dresa, mfunga vidonda, katika hospitali ya ng'ambo. Aliitwa, akasimama mlangoni kwa heshima, akanitazama kwa mbali na kutikisa kichwa. Alisema amepata kusikia kuwa Ulaya wako madaktari wanaowachoma watu nyuso kwa dawa kali namna hii, makusudi, ngozi yenye makovu itoke na nyingine ije. "Lakini wao," akasema, "wayua pa kusita." Akaniletea dawa nyeupe ya maji ya kupaka, akanikataza jua, akanikataza kugusa. Leo wajukuu zangu huvuka kwenda kliniki kufanyiwa jambo hilo hilo, kwa miadi, wamelala juu ya kitanda safi. Wakirudi na nyuso nyekundu huja kunionyesha, nami huwaambia kwamba nimewatangulia, na tena sikutumia kitanda.

Somo wangu alipofika na liwa yake, uso wangu ulikuwa umefanya kigaga cheusi kutoka sikio hadi sikio. Alinifunua mtandio, akanifunika tena.

"Nimefunda maharusi tangu mamako hajaolewa," akasema. "Hayuko aliyenipokeya na uso wa kuokwa."

Kwa kuwa uso haukugusika, hasira zake zote alizimalizia kwenye mwili. Nilisingwa mikono na miguu na mgongo mpaka nikang'aa kama sinia, na juu ya mwili huo wa kifahari kikakaa kichwa kilichoungua. Nilijiangalia kiooni nikacheka, na nilipocheka kigaga kikapasuka, nikalia. Niliogopa sana siku zile, sitaki nionekane kama mtu aliyekuwa akicheka tu. Nilidhani nimejiharibu maisha, na sikuwa na wa kumlaumu ila unyoya wa kuku.

Kigaga kilianza kutoka siku ya tisa tangu nijipake, vipande vipande. Nilikatazwa kukivuta. Kila somo alipokwenda kuswali mimi nilivuta kidogo, na pale nilipovuta mapema, chini ya shavu la kulia, pana alama mpaka leo. Chini yake, ngozi mpya ilikuwapo kweli, laini kama nilivyojiahidi. Makovu madogo yalikuwa yamekwenda. Mashimo makubwa yalibaki, na chunusi zilikuwa zimetoweka zote. Nilichosahau kuhesabu ni rangi. Uso ulikuwa na viraka, hapa wa waridi, hapa wa udongo, hapa mweusi kuliko nilivyozaliwa. Somo alijaribu kuufunika kwa poda. Nilipiga ukelele uliosikika msikitini, poda ikawekwa kando.

Basi nikatoka na uso mtupu. Mume wangu alikuwa ameingia siku iliyotangulia na kunifunua, lakini kwa haya zake na kwa wingi wa udi uliofukizwa chumbani, naamini aliona nusu tu. Nilipomuuliza miaka ya baadaye alisema alidhani maharusi wote huwa hivyo, kwani yeye hakupata kumwona mwingine.

Siku ya kutolewa nje nililemewa na dhahabu za watu na asumini. Niliketishwa, nikafumba macho. Nilisikia wanawake wakiimba na pembe la vugo likigongwa, nikasikia nyumba ikijaa, nikasikia wale wa ng'ambo wakiingia. Somo akaondoa mtandio. Nyimbo zikafifia, kisha zikakoma. Mtu aliyefumba macho husikia mengi, na mimi nilisikia mtu mmoja akivuta pumzi, na mwingine akimwambia mwenzake, "Kwani ameungua?"

Kisha nikasikia kikohozi ninachokijua. Alikuwa yule mteja wa shangazi, wa korosho. Nilifurahi, wallahi. Nikasema moyoni, angalau yupo mmoja humu aliyewahi kucheka nami. Nikasikia watu wakimpisha, na nikashangaa kwa nini wampishe mnunuzi wa korosho. Mkono mnene ukanishika kidevu, polepole, kwa ncha za vidole, ukaniinua uso huku na huku.

"Huyu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "siye niliyemposa."

Maneno yalikuwa yale yale, neno kwa neno, ila sauti haikuwa niliyoingojea. Akaniinamia sikioni.

"Usiyafumbue mato, mwanangu. Ni mimi, mavyaa wako, yule anunuaye mapapai. Nalikuya kila mwezi nikutazame, na shangazi yako na mamako naliwaapisha wasiseme. Chunusi zangu zi wapi? Nimewasifia ndugu zangu mke wa mwanangu ana chunusi tele na kila moja ina kisa chake. Sasa wataniita mwongo."

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kumwomba radhi ya papai, na ya mato ya mwanawe, na ya kumharibia uso mtu aliyekuwa amekwisha kuupenda kwa miaka miwili, shimo kwa shimo. Lakini bibi harusi hasemi. Machozi yakanitoka kwa wingi, yakashuka juu ya ngozi ile ya siku nne. Wanawake walipoona nalia wakapiga vigelegele, nyimbo zikaanza upya, nikasikia wakisema binti wa Kisauni amefundwa, tazameni haya zake.

Nililia kwa aibu, na nililia kwa furaha. Lakini zaidi ya yote nililia kwa chumvi, kwa kuwa ilikuwa inachoma kama korosho.