Maziwa ya Mama Asha mu Jicho Yangu

Chekeni, chekeni tu, hata miye ninaona haya kuisema, lakini kasirani ingali hapa mu roho mupaka leo! Wakati ile Wabeleji wangali hapa Kisangani, miye mwanamuke kijana, ninakausha samaki na moshi kule kwenye maporomoko, na mu jicho ya kuume, mu fasi nyeupe, upande ya sikio, ikatoka kitu kidogo sawa punje ya muchele. Watu wote wakageuka waganga! "Ah, ni moshi, itaisha yenyewe!" Miezi tatu, ile punje iko inapanda mu fasi nyeusi, na kamba za damu zinaifuata sawa mizizi.

Bon, tukasikia munganga wa macho iko anapita, siku moja tu, kisha anapanda train ya Ubundu. Asubuhi nikaenda dispensaire, kule wanagawaka dawa. Mu mulolongo jicho ikaanza kuwasha, nikamwambia jirani yangu Mama Asha, iko ananyonyesha: "Dada, nikamulie kidogo." (Musiniangalie vile! Maziwa ya mama njo ilikuwa dawa ya macho, nani hakuitia?) Akakamua, pwaa, jicho yote nyeupe.

Pale pale infirmier, musaidizi wa munganga, akapita, mutu mweusi sawa miye, lakini akivaa ile koti nyeupe anasemea mu pua sawa Mubeleji: "Mon Dieu! Usaha! Itaambukiza watu! Wewe, inje!" Miye: "Tonton, ni maziwa!" Yeye: "Maziwa? Jicho yako iko mutoto?" Mulolongo yote ikacheka, kisha ikakimbia, wamama wanafunika watoto nyuso, na yule Mama Asha (maziwa ni yake!) akakimbia mbele ya wote. Mulango ukafungwa. Munganga akaenda zake, na miye hakuniona.

Kukuwa kipofu, na watoto wane, nani atanilisha? Nikanawa uso, nikavuka muto na mutumbwi, sababu gare ya train iko ngambo ile, nikakimbia mupaka kule, nikamukuta anaweka muguu kwenye wagon. Nikamukamata koti. Ndiyo, koti ya mundele, muzungu muzima, mbele ya watu! "Docteur, jicho!" Akatoa kioo kile kinakuzaka vitu, akanishika kidevu, akakaribia, pua juu ya pua, na wale wachukuzi wa mizigo wakapiga makelele: "Eee! Mundele anamubusu mama ya samaki!" Mu madirisha ya train wakapiga makofi!

Yeye hakucheka. Akasema na ile Swahili yake ya mawe: "Hii hapana ya moshi. Ile nyama ya jua na vumbi, mara mingi inatokaka upande ya pua, laini, inaenda polepole. Hii iko na ganda nyeupe, iko na damu mingi, inakimbia. Inaweza kula jicho. Kata. Hapana ngojea." Akaandika karatasi ya hôpital juu ya sanduku yake, train inalia.

Habari ya busu ilifika nyumbani mbele yangu. Mume wangu mulangoni: "Alikubusu wapi?" Nikafungua jicho na vidole viwili: "Hapa! Angalia!" Akaangalia. Kesho yake njo yeye mwenyewe alinipeleka hôpital, wakakata ile nyama pamoja na kidogo ya fasi nzima pembeni, wakaituma ipimwe, na jibu ikarudi: ilikuwa mubaya kweli, kansa.

Alors, toka siku ile, kitu ikiota mu jicho ya mutu wangu, sitii maziwa, sitii maji ya majani, ninamupeleka kwa munganga vile jicho iko. Yangu imebaki na kovu, lakini inaona. Inaona hata wewe pale, unaficha kicheko nyuma ya kikombe!