Karatasi Chini ya Sumaku

Nimeishi katika miji mingi, na kila mahali nimeulizwa nilitoka kwetu Machakos lini. Huwa najibu kwa miaka. Ukweli ni kwamba nilitoka Jumamosi moja, nikiwa na thamosi mkononi, na ndani yake hamkuwa na chai.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na kazi. Dada yangu mkubwa alikuwa anasomea fizikia chuo kikuu, Nairobi. Baba alikuwa mkulima, mwenye matuta ya mahindi na mbaazi mteremkoni na ng'ombe mmoja wa maziwa, na macho yake yalikuwa yanakufa. Ilikuwa presha ya macho. Hospitalini walimwambia wazi: la kushoto limekwisha, la kulia limebakiza miezi. Aliona kama mtu anayechungulia kupitia bomba.

Kanisani watu walimuuliza Baba binti yake anasomea nini. Fizikia hawaijui. Udaktari wanaujua, ualimu wanaujua. "Anasomea mawe," alisema siku moja. Wenzake wakacheka, akacheka nao, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea mbele yetu, peke yake.

Dada alizipata habari hizo. Ijumaa iliyofuata alikuja na kidonge cheusi, kipana kama sarafu, kimefungwa kwa pamba. Alikuwa amekitengeneza mwenyewe: akasaga unga wa aina tatu kwenye kinu kidogo, akaukandamiza, akauchoma kwenye tanuri, akausaga tena, akauchoma tena.

"Kusaga, kukanda, kuchoma," Mama alisema. "Na mimi nilifikiri ulitoroka jikoni."

"Nilitoroka yako, Mwaitu. Nikapata ingine."

Alitueleza kwamba umeme ukipita kwenye waya huchoka njiani, ndiyo maana waya hupata joto. Kwenye kidonge kile, kikipozwa sana, umeme hauchoki kabisa. Tena ukiweka sumaku juu yake, sumaku haikigusi. Inakaa hewani.

"Kwa nini?" Baba akauliza.

"Hiyo ya sumaku tunaijua. Lakini kwa nini umeme hauchoki ndani ya kitu kama hiki, hakuna anayejua bado. Hata ng'ambo."

"Kwa hivyo umesoma miaka hii yote ukafika mahali hakuna anayejua."

"Ndiyo, Baba. Na kuna foleni hapo."

Baba alikigeuza kidonge karibu na jicho lake la kulia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nataka kuiona hiyo sumaku."

Ilibidi iwe Jumamosi au Jumapili. Kidonge kilikuwa mali ya maabara, kilitakiwa Nairobi Jumatatu, na Alhamisi Dada alikuwa anasafiri kwenda ng'ambo kusoma kwa miaka minne. Miaka minne kwa jicho lile ilikuwa sawa na milele.

Baridi iliyohitajika ilikuwa ya naitrojeni, ile hewa ikigeuzwa kuwa maji, na Machakos tulimjua mtu mmoja tu aliyekuwa nayo: daktari wa mbegu, aliyezunguka mashambani kwa pikipiki kupandisha ng'ombe. Mbegu za fahali alizihifadhi kwenye mtungi wa naitrojeni. Alikaa karibu na Kyumbi. Jumamosi asubuhi nikatumwa kwake na thamosi ya Mama.

"Ng'ombe yenu imerudi joto?" akaniuliza.

"Hapana. Ni ya dada yangu. Ya masomo."

"Kumbe anataka baridi yangu bila fahali." Akacheka na kumimina polepole, moshi mweupe ukishuka kwenye viatu vyake. "Usikaze kifuniko, itapasuka. Wacha ipumue. Na uende moja kwa moja nyumbani. Hii kitu haingojangi mtu."

Kwenye njia panda ya Kyumbi lori lilikuwa limesimama, dereva akinunua mahindi ya kuchoma. Lilikuwa linaenda Lukenya kuchukua kokoto.

"Niaje, kijana. Unapelekea nani chai?"

"Baba."

"Chai ya thamosi haipoi. Panda uone mwamba ukipasuliwa. Saa moja tu tumerudi."

Sikuwahi kuona mwamba ukipasuliwa. Sina sababu nyingine, na nimekuwa na miaka mingi ya kuitafuta. Tangu utotoni gari likisimama mguu wangu huwa umeshapanda.

Saa moja ikawa mchana mzima. Tulingoja baruti, kisha tukapanga foleni ya kupakia. Kwenye barabara ya machimbo thamosi ikaanguka, na ule moshi ukatambaa sakafuni hadi dereva akapandisha miguu yake kwenye kiti, akiniuliza baba yangu anakunywa chai gani. Niliiokota, nikaitikisa, nikajiambia kuna kilichobaki.

Nilifika nyumbani jua likizama. Baba alikuwa ameketi uani juu ya kigoda, amenawa uso, amevaa koti lake la kanisani. Mbele yake walikuwa wamegeuza kifuniko cha sufuria, kidonge katikati, na sumaku pembeni. Dada alipokea thamosi, na kwa uzito wake tu akajua. Hata hivyo aliiinamisha juu ya kifuniko. Hakikutoka kitu.

"Barabara ilikuwa mbaya?" Baba akauliza.

"Ndiyo."

"Pole," akaniambia.

Jumapili nilikimbia Kyumbi alfajiri. Mke wa daktari akasema mumewe amekwenda kwao Kithyoko na ufunguo wa mtungi, atarudi kesho.

Dada alisafiri Alhamisi. Mimi niliondoka wiki chache baadaye, kwa sababu kila nilipokatiza uani nilikiona kile kigoda. Nikafanya kazi Kitale, Malaba, Mombasa, kote bila kukaa. Nyumbani wakaanza kuniita Mgeni.

Nilirudi Dada aliporudi. Alikuja na kidonge chake mwenyewe safari hii, na daktari wa mbegu akaleta mtungi hadi uani kwetu. Wakati huo Baba alikuwa anatofautisha mchana na usiku tu. Alikalia kigoda kilekile.

Naitrojeni ilimiminwa ikachemka kama mafuta kwenye kikaango.

"Si mlisema ni baridi?"

"Ni baridi sana, Baba, hata hewa yetu kwake ni moto."

Dada akaishusha sumaku kwa vijiti viwili, akaviondoa. Ikabaki hewani. Daktari akaguna. "Na miaka yote hii nimebeba hii kitu kwa pikipiki."

"Imeelea?" Baba akauliza.

"Imeelea."

"Na mkinidanganya nitajuaje?" Alisema akitabasamu.

Daktari akachana karatasi kwenye daftari lake la fahali, akamtia mkononi. Dada akamshika kifundo cha mkono, akauongoza taratibu, na karatasi ikapita kati ya sumaku na kidonge hadi upande wa pili. Baba akairudisha. Akaipitisha tena, peke yake, akisikiliza kwa vidole.

"Hakuna kitu," akasema. "Kweli hakuna kitu chini yake." Kisha akanigeukia mahali nilipokuwa. "Mgeni, inafanana na nini?"

Nimewasimulia wageni mambo ya kila mji niliopita, na wakanisikiliza. Pale nilisema tu, "Imetulia, Baba. Inazunguka polepole. Katikati kuna hewa, naona nyasi upande wa pili."

"Ee," akasema. "Ningependa kuziona hizo nyasi."

Maji yale yakapungua. Dada akamtazama daktari, naye akatikisa kichwa: yaliyobaki mtungini yalikuwa ya kuhifadhi mbegu. Sumaku ikainama upande mmoja, ikashuka, ikalala juu ya kidonge bila sauti.

Uso wa Baba ulikuwa bado umeelekea pale.

"Bado iko juu?"

Dada akanitazama. Katika kazi yake mtu hasemi asichokiona, na hakusema.

"Bado iko, Baba," nikajibu.

"Basi msiiguse."

Akaendelea kukaa, karatasi juu ya goti, mpaka Mama alipotuita kula.